Vimelea Vimeanza Kuuzoea Mseto

Vidonge 24. Siku 3. Asubuhi na jioni.

Hiyo ndiyo dozi ya mtu mzima ya artemether na lumefantrine, dawa tunayoiita mseto au ALu. Dozi hii inakatizwa kila siku majumbani mwetu, na vimelea vya malaria vimeanza kuizoea dawa yenyewe.

Dawa hii ilianzia kwa watafiti wa China, nchi ambako pakanga, mmea wa asili ya artemether, ilitibu homa kwa karne nyingi. Aliyeisambaza duniani ni Novartis ya Basel, Uswisi, kampuni iliyozaliwa mwaka 1996 Ciba-Geigy na Sandoz zilipoungana. Iliiingiza sokoni mwaka 1999 kwa jina la Coartem. Mwaka 2001 ikakubaliana na Shirika la Afya Duniani kuiuzia sekta ya umma bila faida. Mwaka 2009 vikaja vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji. Leo imeshatoa matibabu zaidi ya bilioni 1. Makampuni makubwa ya dawa yana lawama zake, lakini kwa hili Novartis inastahili sifa.

Ila kampuni haimezi dawa. Tunameza sisi.

Mwaka 2020 wanasayansi walithibitisha kwamba vimelea vyenye usugu dhidi ya dawa za jamii ya artemether vimezuka Rwanda kwenyewe, havikuletwa na msafiri kutoka Asia. Mwaka 2021 ikatoka taarifa kama hiyo ya kaskazini mwa Uganda. Kisha Kagera, Tanzania. Kwa wagonjwa wenye usugu huu vimelea huondoka damuni polepole. Siku ya tatu bado vimo.

Mseto bado unaponya. Usiuache. Unaponya kwa sababu artemether ikishindwa kuvimaliza vimelea, lumefantrine hubaki mwilini kwa siku kadhaa ikivimalizia.

Lumefantrine nayo ikizidiwa, hakuna wa kumalizia.

Tulishapita njia hii na klorokwini. Usugu wake ulionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001. Ikaja SP, yaani sulfadoxine na pyrimethamine, nayo ikachoka upesi. Mseto ukaanza kutumika mwaka 2006. Katika miaka yote hiyo ya kuchelewa kubadili dawa, watoto walizikwa. Wazazi wao waliwapa dawa. Dawa haikufanya kazi.

Tunaurudia mwendo ule ule. Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki vinawekwa akiba kwa ajili ya mtoto. Asiye na hela anauziwa nusu dozi dukani. Mwingine anameza bila kupima. Nusu dozi haiui vimelea vyote. Inaua vilivyo dhaifu na kuviacha vilivyo sugu, kisha mbu anavibeba kwenda kwa jirani.

Novartis inaandaa dawa mpya ya ganaplacide na lumefantrine, na majaribio yake ya mwisho yalitoa matokeo mazuri mwaka 2025. Itazameni vizuri. Ndani yake mna lumefantrine ile ile. Tukiichosha leo kwa nusu dozi, tunaiharibu dawa ya kesho kabla haijafika zahanati.

Basi pima kwanza. Meza dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, halafu asubuhi na jioni mpaka vidonge viishe. Meza pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, maana tumbo tupu haliifyonzi lumefantrine vizuri. Ukitapika ndani ya saa 1, rudia dozi hiyo. Homa ikiendelea siku ya tatu, rudi kituoni. Mtoto mwenye degedege, au asiyeweza kunyonya, apelekwe hospitali papo hapo.

Wenye maduka ya dawa, msikate pakiti.

Wizara zetu zina mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kukabili usugu huu Afrika tangu Novemba 2022. Zipime vimelea kila mkoa, na zitumie mchanganyiko wa dawa zaidi ya mmoja, mseto usibebe mzigo peke yake.

Nawe fungua kabati lako leo. Kama kuna vidonge vya mseto vilivyobaki, kuna mtu nyumbani mwako hakumaliza dozi.