Dawa ya Kweli Haiogopi Kupimwa

Ingia mjini Bukoba siku ya soko, hutawakosa. Chupa zimepangwa chini, kipaza sauti kinapiga kelele: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, uzazi, nguvu za kiume, hata mikosi. Chupa moja, magonjwa yote. Uliza ni mti gani, utajibiwa: "Siri ya babu."

Siri gani? Huo ni wizi wa mchana, na Kagera ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kuukataa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Tumezika, tumelea mayatima. Hata hivyo, mwaka 2011 Watanzania walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo walioacha ARV, na virusi vikabaki palepale.

Asije mtu akaniambia nawadharau wazee. Mti wa mubilizi umeota kwenye vibanja vyetu, na bibi zetu wametumia majani yake machungu kwa homa na tumbo bila kumficha mtu. Mwaka 1987, kule Mahale mkoani Kigoma, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa miti, na mtafiti Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa akifyonza maji ya mti huohuo, kisha akapata nafuu. Maabara zikakuta ndani yake kemikali zinazopambana na vimelea. China nako, mtafiti Tu Youyou alichunguza pakanga, akapata dawa ya malaria, na mwaka 2015 akatunukiwa Nobel. Mimea hii ilipimwa na heshima yake ikapanda. Anayekimbia kipimo anajua alichojaza kwenye chupa.

Serikali nayo isijifiche. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, Baraza lipo, na mganga anatakiwa asajiliwe. Basi yule wa kipaza sauti anakaguliwa na nani? Watafiti wa Muhimbili walikwenda Kikuku, Muleba, na Katoro, Bukoba, wakaorodhesha mimea ya dawa, na matokeo yakachapishwa kwa Kiingereza. Yaandikwe kwa Kiswahili na Kihaya, yabandikwe kwenye kila zahanati: mti upi unafaa, upi una sumu. Ujuzi ulitoka kwa wanakijiji; wana haki ya kusoma majibu.

Nawe msomaji, kabla hujatoa pesa, uliza: mti gani, kipimo kiasi gani, umesajiliwa wapi? Akibabaika, ondoka. Akikwambia uache dawa za hospitali, mripoti. Mganga wa kweli atakujibu bila kuona haya, na huyo ndiye tunayepaswa kumlinda dhidi ya matapeli wanaolichafua jina lake.