KORESHI HAKUOMBEWA KURA



Jumanne ijayo, tarehe 5 Novemba 2024, Wamarekani wanapiga kura. Wewe mpendwa wa Kayole au Mlolongo hupigi. Lakini mtu akisoma kundi letu la WhatsApp wiki hii atadhani sanduku la kura liko hapo nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji. Watu waliobatizwa siku moja wameacha kusalimiana kwa sababu ya Trump na Kamala. Mmoja ameandika kwamba asiyemwombea Trump hajaokoka. Mwingine akamjibu kwamba anayemwombea Trump ana pepo. Mkibishana mambo ya mpira mimi hunyamaza. Hili limeingia kwenye maombi, na likishaingia huko mchungaji hana ruhusa ya kunyamaza.

Tuanze na Koreshi, maana ndiye mnayenitumia kila siku. Mnasema Trump ni Koreshi wa leo, kwamba Isaya 45 inamhusu, na kwamba hata namba ni ishara kwa sababu alikuwa rais wa 45. Mafundisho hayo yametoka Marekani tangu uchaguzi wa 2016, mkayapokea bila kuyapima. Haya, fungua sura hiyo uisome yote. Mungu anamwambia Koreshi mara mbili kwamba hakumjua. Koreshi alikuwa mpagani aliyeteka nchi kwa upanga, na Mungu akamtumia kuwarudisha Wayahudi kwao. Nionyeshe ni wapi Danieli aliitisha kesha ili Koreshi ashinde. Nionyeshe mahali Wayahudi waliambiwa wamsifu, wafunike dhambi zake, au wamwite ndugu katika imani. Hakuna.

Na kama kutumiwa na Mungu ni cheti cha kuungwa mkono, basi soma Yeremia 27. Pale Mungu anamwita Nebukadreza mtumishi wake. Nebukadreza! Yule ambaye majeshi yake yalichoma hekalu! Mbona sijasikia mtu akisema tunamhitaji Nebukadreza wa leo?

Sasa manabii. Mwaka wa 2020 watu wenye majina makubwa huko Marekani walitangaza kwamba Mungu amesema Trump atashinda. Marehemu Pat Robertson alisema hivyo kwenye televisheni wiki mbili kabla ya kura. Biden akapata kura 306 za wajumbe, Trump 232. Siku moja baada ya kura, Paula White, mshauri wa kiroho wa Trump, aliomba akitangaza kwamba malaika wanatumwa kutoka Afrika. Video ile mliisambaza mkicheka, na wengine mkisema amina. Mimi nilijiuliza malaika wa Afrika walikuwa na kazi gani huko, wakati huku tuna njaa Turkana na nzige wamemaliza mashamba.

Tarehe 12 Desemba mwaka huo watu walizunguka Washington wakipuliza baragumu kama Yeriko. Tarehe 6 Januari 2021 umati ukavamia Bunge. Polisi zaidi ya 100 walijeruhiwa. Na ndani ya ukumbi wa Seneti wavamizi walisimama wakaomba kwa jina la Yesu. Kwa jina la Yesu, mpendwa! Nabii mmoja kijana, Jeremiah Johnson, alipotoka hadharani kuomba msamaha kwa kutabiri vibaya, alisema alitumiwa matusi na vitisho vya kuuawa, na wengi wa waliomtukana walijiita Wakristo. Aliyetubu alipigwa, waliokataa kutubu wakaendelea kuitwa manabii. Hao ndio mnaowatumia M-Pesa leo.

Najua mtakalosema. "Pastor, akishinda Jumanne je?" Akishinda, atakuwa ameshinda uchaguzi wa 2024. Neno lililotolewa lilikuwa la 2020, na Kumbukumbu la Torati 18:22 haina kipengele cha nabii kuongezewa miaka minne. Hanania katika Yeremia 28 alisema miaka miwili na watu wakampenda, maana alisema walilotaka kusikia. Kabla mwaka haujaisha alikuwa kaburini.

Kisha kuna risasi ya Butler, Pennsylvania, tarehe 13 Julai. Mnasema Mungu alimkinga Trump kwa kusudi. Mimi pia namshukuru Mungu kwamba hakufa. Lakini pale pale alikufa mtu mwingine, baba aliyewahi kuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto, akiwakinga mke wake na binti zake. Ukijenga fundisho juu ya sikio la Trump, utamwambia nini yule mjane? Kwamba Mungu alichagua? Yesu alizungumzia jambo kama hili katika Luka 13, kuhusu mnara wa Siloamu ulioua watu 18, na hakuwaruhusu kuhesabu nani ni mwema zaidi. Aliwaambia watubu wao wenyewe.

Wanaosema sababu yao ni mimba nawaheshimu, maana uhai ni wa Mungu na Kamala Harris amesema wazi kwamba anataka haki ya kutoa mimba irudishwe na sheria. Mimi siwezi kubariki hilo. Lakini msifumbe jicho moja. Trump mwenyewe alisema mwezi Aprili kwamba kila jimbo liamue lenyewe. Mwezi Machi alitangaza Biblia ya dola 59.99, ambamo katiba ya Marekani imefungwa pamoja na Neno la Mungu katika jalada moja. Kama nabii wa Nairobi angeuza Biblia yenye katiba ya Kenya ndani mngemwita tapeli kabla ya chakula cha mchana.

Na nyinyi wa upande ule mwingine msicheke. Mwaka wa 2008 Obama aliposhinda tulipewa hata siku ya mapumziko, tarehe 6 Novemba, na kuna madhabahu nchini hii zilizomtangaza kuwa Yusufu. Sababu ilikuwa damu ya Kogelo, wala si Neno. Leo mnamtetea Kamala kwa rangi na kwa sababu ni mwanamke. Ni mshirika wa kanisa la Kibaptisti San Francisco, sawa. Hilo halimfanyi Debora.

Mnajua jambo la Marekani linalotugusa kweli? Dawa za ukimwi. PEPFAR ilianzishwa 2003 chini ya George W. Bush, na Wakristo wa huko waliipigania. Ilikuwa ikiongezewa muda wa miaka mitano mitano. Safari hii, kwa sababu ya mvutano wa siasa za mimba, Bunge lao limeiongezea mwaka mmoja tu, hadi Machi 2025. Tunao washirika wanaomeza dawa hizo kila asubuhi, wengine mnaketi nao benchi moja bila kujua. Sijaona ujumbe hata mmoja kwenye kundi kuhusu hilo. Kuhusu nywele za Trump nimeona zaidi ya kumi.

Kesha ya Ijumaa inaanza saa tatu usiku. Tutawaombea watoto wetu walioko Texas na Minnesota, wenye karatasi na wasio na karatasi. Tutaomba Marekani ipige kura bila damu kumwagika, na yeyote atakayeshinda tutamtaja kwa jina kama 1 Timotheo 2 inavyotuagiza. Tutaomba dawa zisikatike. Vijana, ile bendera ya Marekani mliyoning'iniza kando ya mimbari muitoe kabla ya Ijumaa. Ule msumari tunauhitaji kwa waya wa spika.