Bima ya Nyumba Katika Jimbo la Florida: Rahisi kwa Nani?

Mwenye kununua nyumba katika jimbo la Florida, kule pembe ya kusini mashariki ya Marekani, akiwa ananunua kwa fedha ya mkopo kama wafanyavyo walio wengi, hakabidhiwi funguo mpaka aonyeshe hati ya bima. Maana benki iliyoishika nyumba ile rehani haikubali kuiacha wazi mbele ya pepo za Atlantiki na za Ghuba ya Mexico, na mwenyewe akizembea bima ikaisha muda, benki humkatia nyingine iitakayo, aghalabu ghali zaidi, kisha ikamdai yeye. Madhali hana budi kununua, lililobaki kwake ni kuchagua, na kila amtakaye shauri humwambia neno lile lile: akusanye bei za makampuni matatu au manne, azilinganishe, ashike iliyo nafuu. Ofisi ya jimbo inayosimamia bima imefika hata kuweka jedwali ambalo mtu hutaja wilaya yake akaona kila kampuni ingetoza kiasi gani kwa nyumba ya mfano, na humo huonekana bayana kwamba nyumba ya namna moja, iliyo Miami-Dade au katika visiwa vya Monroe, hulipiwa mara mbili na zaidi ya ile iliyo bara, mbali na pwani. Kazi hii ni njema na haifai kubezwa. Lakini bei hizo zikisimamishwa safu moja humhadaa mtazamaji kwa kuonekana kuwa za bidhaa moja, ilhali sizo. Na katika Florida hususan, bei iliyo ndogo kuliko zote mara nyingi ni ile iliyokwisha kuitupa hasara, kwa hila au kwa sheria, juu ya mabega ya watu wasiotajwa katika mkataba.

Tutazame hati mbili za nyumba moja iliyokatiwa bima ya dola 400,000. Ya pili ina ada ndogo kuliko ya kwanza, na mwenye haraka angeitia saini papo hapo. Lakini katika ukurasa wa mbele wa kila hati mna mstari mfupi unaotaja fungu la hasara ambalo mwenye nyumba hujibebea mwenyewe kikija kimbunga kabla kampuni haijatoa hata senti, na sheria ya Florida imeyataka makampuni yampe mteja hiari ya kuchagua fungu hilo liwe asilimia 2, au 5, au 10. Asilimia hizo hazihesabiwi kwa hasara iliyotokea, kama wanavyodhani wengi wanaosoma hati zao kwa mara ya kwanza siku ya pili ya msiba, bali kwa thamani yote iliyokatiwa bima: asilimia 2, iliyo katika hati ya kwanza, ni dola 8,000, na asilimia 10, iliyo katika ya pili, ni dola 40,000. Aliyechagua hati ya pili kwa ajili ya unafuu wake amejifanya yeye mwenyewe kampuni ya bima ya dola 40,000 za kwanza, na yamkini hana akiba hiyo. Kadhalika paa: hati moja huahidi kulipa gharama ya paa jipya, na nyingine hulipa thamani ya paa kuukuu baada ya kukata uchakavu wake, na tofauti hiyo, kwa paa la miaka 14, huweza kuwa kubwa kuliko ada za miaka kadhaa zikijumlishwa. Kuhusu umri wa paa sheria ya 2022 imeweka haki kidogo, kwamba kampuni isimkatae mtu kwa sababu ya umri tu wa paa lisilotimiza miaka 15, na lililopita umri huo mwenyewe aruhusiwe kuleta mkaguzi athibitishe kuwa lingali na miaka 5 ya kuishi.

Kisha kuna maji. Bima ya kawaida ya nyumba hulipa upepo ung'oao paa na mvua iingiayo kwa tundu lililofanywa na upepo, lakini mafuriko, yaani maji yapandayo kutoka baharini, mtoni au barabarani, hayamo. Hayo yana bima yake, ambayo walio wengi huinunua katika mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968, wenye kikomo cha dola 250,000 kwa jengo la makazi na 100,000 kwa vyombo, na ambao kwa kawaida hauanzi kazi ila siku 30 baada ya kulipiwa, ili mtu asije akakimbilia bima hali wingu analiona. Kimbunga Ian kilipotua tarehe 28 Septemba 2022, bahari iliingia Fort Myers Beach ikafika kimo cha kuzamisha nyumba nzima, na mkadiriaji wa hasara alipokuja akasimama mbele ya msingi mtupu, swali lake la kwanza lilikuwa: ukuta huu uliangushwa na upepo, au na maji? Jibu la upepo lilimaanisha malipo. Jibu la maji, kwa asiyekuwa na hati ya pili, lilimaanisha kurudi mikono mitupu. Basi anayelinganisha ada mbili za bima ya nyumba bila kuongeza juu yake ada ya mafuriko amelinganisha nusu ya gharama.

Haya yote mtu makini aweza kuyasoma katika hati. Lisiloandikwa humo ni nani aliye nyuma ya kampuni, na hilo halifahamiki bila ya kurejea nyuma kidogo. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini ya Miami kikaufagia mji wa Homestead. Malipo ya bima yakazidi dola bilioni 15, makampuni kadhaa yakafilisika, na yale makubwa yafanyayo biashara Marekani nzima yakaanza kujiondoa, moja baada ya jingine, katika nyumba za pwani. Unguja nayo ilionja tufani ya namna hiyo Aprili 1872, iliyong'oa mikarafuu kwa maelfu na kuwaacha wenye mashamba na madeni. Lakini Unguja ilionja mara moja ikasimuliwa vizazi, ilhali Florida katika mwaka 2004 peke yake ilipigwa na vimbunga vinne: Charley, Frances, Ivan na Jeanne. Bima hustahimili msiba ulio nadra wenye kumpata mmoja kati ya wengi. Msiba urudio mara kwa mara, tena uwapigao majirani wote usiku mmoja, ni biashara ya namna nyingine kabisa.

Mahali pa makubwa yaliyojitoa pakaingiwa na makampuni madogo ya jimbo hilo hilo, yenye rasilmali haba, ambayo sehemu kubwa ya hatari yanayoikubali huiuza kwa wenye bima mtawanyo, yaani wanaoyakatia bima makampuni yenyewe ya bima, wa London, Bermuda na kwingineko. Mikataba hiyo hufanywa upya kila mwaka tarehe 1 Juni, siku uanzapo msimu wa vimbunga, na hapo ndipo ada ya mjane wa Tampa inapoamuliwa kwa kiasi kikubwa, na watu wasiopata kuiona nyumba yake. Baina ya Oktoba 2005 na Septemba 2016 hakuna kimbunga kilichotua Florida, na katika utulivu ule makampuni haya yalinawiri. Upepo uliporudi, mengi yakaonekana kuwa hayakuwa na mizizi. Kati ya 2021 na mapema 2023 yalianguka mfululizo, kwa vishindo vilivyowaacha wateja wao wakitafuta hifadhi katikati ya msimu. Kampuni ikifa, madai ya wateja wake huchukuliwa na mfuko wa dhamana uliowekwa na sheria, wenye kikomo chake, na mfuko ukipungukiwa hutoza wote waliobaki: aliyechagua kampuni imara kwa bei ghali hulipa ada yake, kisha akaongezewa juu yake tozo la kumfidia mteja wa kampuni dhaifu iliyokuwa ikiuza rahisi.

Wenyewe wakuu wa makampuni, wakiulizwa kwa nini ada zimepanda namna ile, hawasemi upepo kwanza, husema mawakili. Wana hoja. Msimamizi wa bima wa jimbo alionyesha kwamba katika mwaka 2019 Florida ilikuwa na kama asilimia 8 tu ya madai ya bima za nyumba katika Marekani nzima, lakini zaidi ya asilimia 76 ya kesi zilizofunguliwa mahakamani juu ya madai hayo. Sheria ya zamani ilimlazimisha mtoa bima aliyeshindwa amlipe wakili wa mdai, na mafundi wa mapaa walipita mlango kwa mlango wakiwashawishi watu wawakabidhi haki ya kudai kwa niaba yao. Kikao maalumu cha Bunge la jimbo cha Desemba 2022 kilizifuta desturi zote mbili, na tangu hapo makampuni mapya yameingia na kasi ya kupanda kwa ada imepoa. Lakini ni nusu ya kweli. Mwenye nyumba aliyepunjwa dola 9,000 hivi leo hana budi apime kama wakili hatammalizia zote, na kampuni inalijua hilo vizuri. Kwa hiyo katika unafuu uliopatikana imo sehemu iliyokatwa katika uwezo wa mtu mnyonge kudai haki yake, nayo haionekani katika jedwali lolote la bei.

Katikati ya vurugu hizi limesimama Citizens, shirika la jimbo lenyewe, lililoundwa mwaka 2002 kwa kuunganisha mifuko miwili iliyotangulia, ili liwe kimbilio la mwisho la asiyekubaliwa popote. Lakini kimbilio la mwisho likiwa rahisi kuliko milango iliyotangulia, watu hulikimbilia kwanza. Bunge la jimbo liliweka kikomo cha kupandisha ada zake, asilimia 10 kwa mwaka, kisha 11 mwaka 2022, na kuendelea moja moja mpaka 15 mwaka 2026, na kwa kuwa makampuni ya watu binafsi yalipanda kwa kasi zaidi, pengo likapanuka, hata kufikia 2023 Citizens likawa na hati zaidi ya milioni 1.4, mlezi mkubwa kuliko wote wa nyumba zilizo hatarini. Tangu hapo sheria imewasukuma watu watoke: mteja wake akipata toleo la kampuni ya watu binafsi lisilozidi ada ya Citizens kwa zaidi ya asilimia 20, hana haki tena ya kubaki. Hati zikapungua, mwisho wa 2024 zilikuwa chini ya milioni moja.

Nani basi hulipa tofauti kati ya ada ya Citizens na hatari yenyewe? Shirika likipungukiwa, sheria inaliruhusu kutoza si wateja wake tu bali karibu kila mwenye hati ya bima katika jimbo, pamoja na bima za magari. Si jambo la kufikirika: pengo lililoachwa na vimbunga vya 2005 lilikatwa katika hati za watu mpaka mwaka 2015. Kwa hiyo mpangaji wa Orlando, mfagiaji wa hoteli asiye na nyumba, mwenye gari kuukuu tu la kumfikisha kazini, aweza kutakiwa kuchangia jengo la ufukweni lenye thamani inayokaribia dola 700,000, maana Citizens hukubali nyumba za thamani hiyo, na katika Miami-Dade na Monroe hukaribia milioni moja. Watetezi wa shirika husema kwamba bila yake wazee walionunua nyumba zao zamani, kwa mishahara ya kawaida, wangehamishwa na ada. Hao wapo, nami sidhani yafaa waachwe. Ila ada iliyoshushwa kwa kila mtu haimpambanui mzee wa pensheni na mwenye nyumba ya pili ya kupumzikia majira ya baridi. Na wabunge wenyewe wameanza kuliona hilo, kwa kuwa sheria ya 2022 imezitenga nyumba zisizo makazi ya kudumu zipandishwe haraka zaidi.

Mimi ningetaka fedha ya umma ielekezwe juu, darini. Mkaguzi wa Florida akitumwa kupima uimara wa nyumba hupanda humo na tochi na kamera, akapiga picha mahali boriti ya paa inapokutana na ukuta: pakiwa pameshikwa kwa misumari iliyopigwa mshazari tu, nyumba hupata alama ya chini, pakiwa na bamba la chuma lililokazwa kwa misumari isiyopungua 3, sheria inamtaka mtoa bima ampunguzie mwenyewe ada ya upepo. Sheria mpya ya ujenzi ilipoanza kushika jimbo zima mwaka 2002, haikupita miaka mitatu Charley akaijaribu, na nyumba zilizojengwa chini yake zikaonekana kudhurika kidogo kuliko zilizotangulia. Kuimarisha nyumba namna hii ndiyo nafuu pekee katika habari hii yote isiyohamisha hasara kwa mwingine.

Jimbo lina mpango wa ruzuku kwa kazi hiyo, ulioanza 2006, ukalala, ukafufuliwa 2022: hutoa dola 2 kwa kila moja ya mwenye nyumba, mpaka 10,000, na siku hizi huwatanguliza wazee na wenye kipato kidogo. Kila fedha itolewapo, waombaji huwa wengi kuliko kasma iliyotengwa, ikaisha upesi. Ningeona ni insafu ada ya Citizens ifikishwe kwenye kiasi cha hatari yenyewe, kwa kuanzia na nyumba za starehe na zile za thamani kubwa, na kodi ya umma itiwe katika mapaa ya wasiojiweza mpaka foleni ile iishe. Neno hili litawachukiza wenye nyumba za ufukweni, ambao ni wengi na ni wapiga kura, na ndiyo sababu wabunge wa jimbo wamechagua kupandisha kikomo cha ada kwa asilimia moja moja.