Mwandishi kuuza vitabu si aibu

Kila Jumapili kisha misa, ninatandika vitabu juu ya meza ndogo kando ya barabara hapa Bukavu. Vingi ni vya mkono wa pili, vya Kifaransa. Vya Kiswahili, mbali na Biblia na vitabu vya nyimbo, huwa ni viwili au vitatu tu. Mwenzangu mmoja wa kazi, mkubwa kwangu, alipita akanitazama kwa huruma. "Yaya, na diploma yote ile, sasa uko muuza vitabu?"

Nilicheka, lakini neno lake lilinibakia. Kwa wengi hapa kwetu, mwandishi wa habari ni mtu wa kwenda kwenye mikutano na kurudi na coupage, ile bahasha ya mwisho wa mkutano. Hiyo haimshangazi mtu. Kinachoshangaza ni mwandishi kuuza kitabu kwa franka elfu tano mchana kweupe. Mimi naona kinyume. Makuta ya meza hii hayaniamuru niandike nini kesho yake.

Tena meza inafundisha. Tangu mabenki yalipofunga milango mwanzoni mwa 2025, pesa mkononi ni haba, na wasomaji wameanza kubadilishana: leta kimoja, beba kimoja. Kuna msichana mmoja, mwanafunzi, alikuja Jumapili nne mfululizo. Alikuwa anakamata Tram 83, riwaya ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, iliyotoka Paris mwaka 2014. Alikuwa anasoma amesimama, kurasa ishirini hivi, anakirudisha, anaaga. Sikumfukuza. Jumapili ya tano kitabu kilikuwa kimenunuliwa na mtu mwingine. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na ule mwisho wake?" Nikamhadithia niliyokumbuka, na ninajua haikumtosha.

Watu husema vijana wetu hawapendi kusoma. Mimi nimesimama kwenye meza hii karibu miaka mitatu, na wanaokataa kusoma nimewaona wachache. Wanaokosa bei ndio wengi.

Burudani yangu ya pili ni filamu, zile zisizotoka katika makampuni makubwa. Jioni moja umeme ulipopatikana tulijaza betri ya kompyuta, tukakaa majirani tisa katika chumba kimoja, tukatazama Maman Colonelle ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani. Ni filamu ya 2017, ya watu wa kweli. Inamfuata Kanali Honorine Munyole, polisi aliyekuwa akilinda wanawake na watoto hapa hapa Bukavu, kisha akahamishiwa Kisangani. Huko anakutana na wanawake ambao bado wanabeba majeraha ya vita ya siku sita ya mwaka 2000, na watoto wanaoitwa wachawi.

Mama mmoja jirani alisema katikati ya filamu: "Kumbe sinema inaweza kusema Kiswahili chetu!" Kisha akanyamaza hadi mwisho. Ilipoisha alibaki ameketi, akaanza kutuambia habari ya dada yake. Miaka tisa tunaishi ua mmoja, na mimi, mtu wa kuuliza maswali, sikuwahi kumuuliza.

Hapo ndipo ninapokataa wanaosema kwamba wakati wa vita mwandishi hana haki ya kukaa anatazama filamu. Habari zetu za kila siku zinahesabu: waliokufa watano, waliohama familia mia mbili. Ni lazima tuhesabu. Ila filamu ile ilinionyesha mtu anavyokaa na msiba wake miaka kumi na saba, na kesho yake niliandika kwa namna nyingine. Berlin waliitazama kwenye tamasha lao mwaka ule ule wa 2017. Kadutu, wangapi wameiona? Tuna kumbi za parokia, tuna madarasa yanayokaa bure Jumamosi mchana. Kinachohitajika ni ukuta mweupe, betri, na mtu wa kuomba ufunguo.

Nikiri jambo moja. Nakala ile nilipewa na rafiki, sikuilipia. Na mimi ndiye ninayekasirika mtu akishika kitabu mezani na kusema, "Unipe tu, ndugu, si tunajuana?" Rafiki wa mwandishi ndiye angekuwa wa kwanza kulipa, hata nusu, hata kidogo kidogo.

Kwa hiyo filamu ijayo tumekubaliana kuchanga, kila mtu alicho nacho, na tumtafute mwenyewe tumpatie. Tunataka En route pour le milliard, ya Hamadi tena, ambamo wahanga wa Kisangani wanapanda mashua hadi Kinshasa kudai fidia yao. Mama jirani ameshatoa franka elfu moja. Yule mwenzangu wa diploma bado hajajibu.