Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wako watu wasemao kuwa mtu aliye gizani hana haki ya kuuliza taa imetoka wapi, wala itadumu muda gani. Nchi za kigeni zikileta fedha na mitambo, husema, kazi yetu ni kushukuru. Msomaji, usiyakubali maneno hayo. Shukrani ni ada njema, lakini shukrani isiyo na swali humfanya mwenye nyumba kuwa mgeni kwake mwenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazame.

Itazame Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit. Huko upepo wa Ziwa Turkana huzungusha mitambo 365, yenye nguvu ya megawati 310. Mabenki ya Ulaya, pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika, yalitia fedha nyingi katika kazi hiyo, nayo ikazinduliwa kwa shangwe mwaka 2019. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, kwa waya wenye nguvu nyingi mno, usioweza kuingizwa nyumbani bila mashine ghali za kuipunguza. Basi waya huo ulipita juu ya vijiji ambamo watoto walisoma kwa mwanga wa koroboi. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hata hati za ardhi yenyewe zilipatikana pasipo kufuata sheria. Taifa limefaidika, nami sikani; lakini mwenyeji hakupona.

Sasa itazame Olkaria, karibu na Naivasha. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ulianza kazi huko mwaka 1981, kwa mikopo na misaada ya mashirika ya dunia. Olkaria nako hakukukosa malalamiko, kwa kuwa Wamasai walihamishwa kwa ajili yake mwaka 2014. Hata hivyo, ushirikiano wake haukukomea kwenye vyuma. Wakenya wengi walipelekwa Aisilandi, nchi yenye ujuzi mkubwa wa nguvu hii, wakajifunza, wakarudi. Baadaye wachimbaji wetu wakaenda kuchimba visima vya mvuke Ethiopia na Jibuti. Aliyekuwa mwanafunzi amekuwa mwalimu.

Watajibu kwamba kupeleka umeme vijijini ni hasara, kwa sababu wanavijiji ni wachache na maskini. Hoja hiyo ni dhaifu. Pasipofaa waya, jua lipo. Paneli zilizo juu ya paa la zahanati hazingoji nguzo kutoka mjini. Lakini nazo zitakuwa pambo tu, ikiwa betri ikichoka ni lazima fundi aitwe kutoka mbali. Kwa hiyo mafunzo ya vijana wa kijiji yaandikwe ndani ya mkataba, pamoja na bei ya mitambo, wala yasiachwe kuwa hisani ya baadaye.

Msomaji, huenda siku moja ukaketi penye meza ya mikataba hiyo. Mgeni akileta taa, ipokee kwa mikono miwili. Kisha umwulize ni nani kijijini atakayejua kuitengeneza itakapozimika, na usitie sahihi kabla hajakujibu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata akifa chini ya taa.