Madaftari Yasiyosomwa

Baba mdogo wangu ana daftari la shule ambalo huenda nalo kliniki kila mara. Mimi ndiye niliyelisoma lote kwa mara ya kwanza, jioni moja hapa Gisenyi, miguu yake ikiwa imeshavimba. Kwa miaka sita presha yake iliandikwa humo kwa kalamu za rangi mbalimbali: 160, 170, 165, tena 170. Kila muuguzi aliiona namba ya siku yake tu. Alipopimwa kreatinini hatimaye, figo zilikuwa zimeharibika na moyo umeanza kupanuka.

Kwa hiyo nikisikia katika midahalo yetu kwamba taarifa za wagonjwa ziachwe zilipo kwa kuwa ni siri, nakasirika. Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa. Lakini baba mdogo hakuficha kitu. Alipimwa, akaandikwa. Ni sisi tuliofungia yaliyoandikwa.

Hofu ya wenzangu si ya bure, nakiri. Lakini Rwanda ina sheria ya mwaka 2021 ya kulinda data binafsi, na data hizo zinatakiwa zihifadhiwe nchini isipokuwa kwa kibali. Jina linaweza kuondolewa, namba zikabaki.

Tusipozisoma namba zetu, tutapimwa kwa namba za wengine. Fomula ya mwaka 1999 ya kukisia nguvu za figo kutokana na kreatinini ilitokana na wagonjwa wa Marekani. Iliyofuata, ya 2009, ilimwongezea mtu mweusi karibu asilimia 16, hivyo figo zilizochoka zikaonekana nzima! Wamarekani wenyewe waliifuta nyongeza hiyo mwaka 2021. Lakini tangu 2019 watafiti waliopima figo za watu wa Kinshasa na Abidjan walikuwa wameshaonyesha kwamba haifai. Mwaka 2022 ukaja utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini: hata bila nyongeza, fomula hizo bado zinazisifu figo kupita kiasi. Haya yasingejulikana kama watu wa huko wasingepimwa na vipimo vyao kuhesabiwa.

Mtu ataniambia vituo vya afya hutuma ripoti kila mwezi. Ndiyo, za jumla. Ripoti ya jumla husema wangapi walikuwa na presha mwezi huu. Haisemi ni yupi ambaye presha yake haijashuka kwa miaka sita. Na mama anayevuka mpaka na kapu lake la mboga, akapimwa leo Goma na mwezi ujao huku, ana madaftari mawili yasiyojuana.

Ninachodai ni kidogo: rekodi ya kila mgonjwa wa presha iunganishwe mwaka hadi mwaka, apimwe kreatinini mapema, na aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa. Hapo sisi wa Kiswahili hatuna pa kujificha. Fomu za ridhaa nilizowahi kuziona zilikuwa za Kiingereza au Kifaransa. Tumeandika insha ngapi juu ya tamathali za semi, na fomu moja ya kumsomea yule mama hatujaandika?

Baba mdogo ameniruhusu kulitumia daftari lake. Nimeshanakili kurasa zote, bila jina. Natafuta mhadhiri wa takwimu atakayekaa nami kuzisoma.