Muuza wavu naye ana dhamiri

Huku kandokando ya Ziwa Victoria, anayeuza kokoro hawezi kujitetea kwamba yeye hakuvua. Sheria ya uvuvi inambana mvuvi, na inambana pia anayetengeneza au kuuza zana haramu, kwa sababu udogo wa macho ya wavu huamuliwa kabla wavu haujagusa maji. Hekima hiyo inawahusu pia vijana wetu wanaosomea kompyuta, ambao kesho wataiuzia mifumo serikali, polisi na jeshi.

Tuangalie kwa jirani. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, serikali ya Kenya iliipa Safaricom kazi ya kuwajengea polisi mfumo wa mawasiliano pamoja na kamera takriban 1,800 Nairobi na Mombasa. Kulinda raia ni wajibu halali wa dola, na anayeisaidia dola katika hilo hatendi dhambi. Lakini kamera inayomwona gaidi humwona pia mwandamanaji asiye na silaha. Nani aruhusiwe kutazama? Picha zitunzwe siku ngapi? Aliyezifungua atajulikanaje? Hayo ndiyo macho ya wavu, nayo hupangwa wakati wa mkataba, muuzaji akiwa mezani.

Wengi husema, "Sisi tunauza tu." Mafundisho ya maadili ya Kanisa hayaridhiki na jibu hilo. Hutofautisha anayeshiriki uovu kwa kuutaka na anayeusaidia bila kuutaka. Huyu wa pili naye hupimwa kwa ukaribu wa msaada wake na uzito wa sababu yake. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walipinga kampuni yao kulisaidia jeshi la Marekani kuchambua picha za droni, na kampuni haikuuhuisha mkataba huo. Kumbe mfanyakazi ana sauti.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni hatua kubwa, ila inaacha misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa. Pale sheria inapoishia, dhamiri ya fundi inabaki peke yake.

Basi sisi tunaojiandaa kwa upadre tusingoje wahandisi hawa waje kitubioni mambo yakiwa yameharibika. Tukae nao mapema, parokiani na vyuoni, tuwaulize: wavu huu una macho ya kiasi gani?